Safu ya Kurudi

Kazi yangu ni kubomoa.
Watu hudhani natengeneza njia, na kweli natengeneza:
nafyeka miiba ya lechugiya, nazibua mifereji ya mvua
inayokuja mara tatu kwa mwaka, kama mdai.
Lakini siku nyingi nazunguka na mtaimbo
nikiangusha marundo ya mawe wanayojenga wageni
kwa kujifurahisha, jiwe juu ya jiwe,
mahali ambapo njia haipo.

Baba, Eluterio Tarango, ndiye aliyeichonga njia hii
na nyumbu mmoja mwenye chongo.
Alinifunza: jiwe haliongopi, Refugia,
anayeongopa ni aliyelipandisha.
Huku jangwani rundo moja la uongo
ni korongo lisilo na pa kutokea, ni ulimi uliovimba,
ni tumbusi watatu hewani ikifika Alhamisi.

Mwanzo wa njia pana sanduku la bati,
ndani yake daftari na penseli iliyofungwa kwa uzi wa kiatu.
Jina. Watu wangapi. Maji kiasi gani. Kutoka. Kurudi.
Jioni ile safu ya mwisho ilikuwa na pengo moja:
Wendell Hruska, Nebraska. Watu wawili. Lita tatu.
Saa kumi na mbili asubuhi.
Mwandiko umeinama kama mtu anayepanda.

Lita tatu, watu wawili, mwezi wa tano!
Nikabeba maji ya wawili, blanketi mbili,
nikajifunga taa kichwani, mtaimbo nikaufanya mkongojo,
nikapanda, magoti yakilalamika kwa zamu.
Nyoka wa kayamba alinionya mara moja,
sikumngoja arudie.
Kule chini, ng'ambo ya mto, taa za Meksiko zilikuwa nne.
Nilizihesabu ili nisihesabu saa.

Nilimkuta penye mreteni wa kona ya saba,
hatua arobaini nje ya njia,
kiatu kakivua, mwiba umezama kifundoni.
Mzee wa miaka sabini na kitu, amekaa wima
kama anayengoja kuitwa kwa daktari.
Mbele yake rundo, limepangwa kwa ustadi,
makubwa chini, madogo juu,
na la juu kabisa jeupe, laini, si la milima hii.

"Mwenzako yuko wapi?" Salamu niliisahau.
"Mwenzako!"
Nikamulika korongoni, nikaita, korongo likaniitikia kwa sauti yangu.
Akanishika mkono. Akaligusa lile jiwe jeupe.

"Huyu hapa. Lorene. Huu mwaka wa sita.
Yeye ndiye aliyeipenda kona hii, mimi hata milima siipendi.
Kila nikija nakuta upepo umemwangusha,
jiwe lake silioni tena.
Basi nabeba jingine, kutoka mto wa kwetu."

Kona ya saba. Kila Juni.
Matano meupe niliyavurumisha bondeni kwa mkono huu,
moja nikalisikia likigonga mara tatu kabla ya kunyamaza,
nikafurahi.

Nikanywa maji ambayo sikuyabeba kwa ajili yangu.
"Upepo wa huku," nikasema, "hauna adabu."
"Hauna," akakubali.

Tulishuka polepole, yeye akiuegemea mtaimbo wangu.
Alfajiri ilitukuta sandukuni.
Akaandika saa ya kurudi. Kisha akataka kurekebisha
ile idadi ya watu, penseli ikasita juu ya karatasi,
akaiachia ining'inie kwenye uzi wake.

Sasa ni Oktoba, na msimamizi anauliza
kwa nini kona ya saba haijasafishwa.
Namwambia goti.
Goti kweli linauma, lakini nimeshapanda mara mbili.
Mara ya kwanza nililaza magogo mawili ya mreteni
kuziba kijia, asije mtu akalifuata rundo na kupotea.
Mara ya pili jiwe jeupe halikuwapo juu,
na safari hii ulikuwa upepo, naapa.
Nililisaka kwenye lechugiya mpaka giza,
nikachomwa vidole vitatu.